Kibudu Katika Karamu ya Mwali

Huseni alikuwa mume wangu kwa miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa kuku. Hakuwafuga, kufuga ni taabu, na taabu alituachia wanawake. Yeye aliwanunua. Alitoka alfajiri na baiskeli, matenga mawili yamefungwa nyuma, akapita vijiji vyetu vya Kinjumbi hadi kule bara Njinjo, akarudi jioni na kuku waliobanana midomo wazi, na mavi yamemchirizikia suruali. Suruali hiyo niliifua mimi.

Zamani alikuwa kibarua wa ghala la korosho. Ushirika ulipolala na biashara ikaachiwa huru, kila mwenye baiskeli akawa mfanyabiashara. Chanjo ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima, nayo ikawa bidhaa ya dukani. Kuku mmoja anahitaji tone moja la jichoni, lakini ununue chupa ya kuku mia. Nani kijijini alikuwa na kuku mia?

Mimi sikuwa na mali, sikujaliwa mtoto, lakini nilikuwa na jina. Kwetu mwanamke akimwamini mwenzake humwachia tetea amlelee. Vifaranga wakikua wanagawana, na tetea hubaki wa mwenyewe. Uwani kwangu walilala matetea wa wanawake kumi na mmoja, na nilimjua kila tetea na mwenyewe. "Kuku akikaa kwa Adija haugui," walisema. Jina hilo sikupewa na mume wala na baba. Nililipata kwa kuamka usiku kufukuza vicheche.

Mwaka 2006, baada ya mavuno, bwana mifugo wetu, kijana Faustino, alitukusanya shuleni. Alisema kuna mafua ya ndege, yametoka Asia yakafika Misri na Nijeria, yanaua kuku na watu pia. Yanaenda na ndege wanaohama, yanaenda na matenga ya wafanyabiashara.

"Kuku akifa msimguse," alisema. "Akiugua msimchinje. Msihamishe kuku kutoka kijiji kwenda kijiji. Leteni habari kwangu."

"Huyo ndege wa Asia," mzee mmoja akauliza, "Kinjumbi kaelekezwa na nani?"

Watu wakacheka. Jirani yangu Sada hakucheka. Alikuwa na mwali ndani, binti yake Mwanaima, na karamu ya kumtoa ilikuwa imekaribia. Akasimama.

"Mwanangu Faustino, mkituulia kuku, mtatulipa?"

Faustino akatazama viatu vyake. "Hilo bado halijaamuliwa, mama."

Huseni alikuwa amekaa nyuma. Nilimwona akiitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokijia.

Kesho yake alianza kupita nyumba kwa nyumba. "Dada, wiki ijayo wanakuja kuua kila chenye manyoya, na hulipwi hata thumni. Mimi nakupunguzia hasara." Wanawake wakamuuzia kwa bei ya kutupa, wengine huku wakimshukuru. Alikwenda mpaka Njinjo kwa maneno hayo hayo. Kuku wote aliwamwaga uwani kwangu, katikati ya matetea wa watu, wangoje lori la mjini.

"Bwana mifugo kakataza kuwahamisha," nikamwambia.

"Bwana mifugo ana mshahara. Wewe una nini?"

Siku ya nne wakaanza kufa. Shingo zilipinda zikatazama mgongoni, mharo wa kijani ukatapakaa mpaka kwenye kizingiti cha jiko. Nilikuwa nimeuona ugonjwa huo tangu utoto wangu. Nikasema ni kideri, niende nikamwambie Faustino. Huseni akasimama mlangoni, akaniambia nikipita pale nisirudi. Sikupita.

Kwetu mwanamke hachinji. Kuku wake akianza kukata roho, utamwona anakimbia naye mkononi akitafuta mwanamume mwenye kisu, maana akifa kabla ya kisu ni kibudu, na kibudu haliwi. Akiwahiwa ni kitoweo. Faustino aliyakataza hayo, lakini maneno ya mkutano mmoja hayaondoi walichozoea bibi zetu. Kisu cha karibu kilikuwa cha Huseni. Wiki ile wanawake walileta kuku wao wanaotweta, mmoja baada ya mwingine, akawachinja uwani kwangu. Wakarudi kwao na nyama, na ugonjwa kwenye nyayo.

Kisha akaanza kuwachinja waliokwisha kufa.

Nilimwona kwa macho yangu. Jogoo alikuwa amelala pale tangu asubuhi, miguu imekauka kama kuni. Akamwelekeza kibla, akasoma bismillahi, akapitisha kisu. Damu haikutoka. Kilitoka kitu cheusi kizito kama lami.

"Huyu ni kibudu, Huseni."

"Kisu kimechelewa kidogo tu. Chemsha maji."

Nikachemsha maji. Nikanyonyoa. Sitajisafisha hapa: mikono iliyonyonyoa ni hii. Maji ya moto yalipomgusa kuku wa namna ile, harufu ilipanda ikaniingia kooni, na ngozi ilitoka pamoja na manyoya. Nilinyonyoa ishirini na sita. Tumbo la mmoja lilikuwa limegeuka rangi. Huseni akasema lile litupwe, kisha akafikiri, akasema basi, lioshwe kwa ndimu.

Aliwauza kwa Sada, wameshanyonyolewa, kwa karamu ya mwali. Sada alifurahi kupunguziwa kazi. "Shoga, una mume anayejua shughuli," aliniambia.

Siku ya karamu nikaitwa kupakua, nikapakua. Walitia tangawizi na nazi nyingi, kwa hiyo hawakujua. Mama yake Sada, kikongwe asiye na meno, alifyonza mifupa akasifu nyama ilivyo laini. Mwanaima alitolewa amepakwa mafuta, anang'aa, akalishwa finyango la kwanza kwa mkono wa kungwi. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika.

"Adija, mimba ya uzeeni?" wakanitania.

Siku ya tatu baada ya karamu Faustino alikuja na watu wa wilaya waliofunika nyuso. Kuna mtu aliwapelekea habari za mizoga. Huseni akawapokea kwa adabu zote.

"Kuku ni wa mke wangu," alisema. "Nilimkataza kuwaficha. Hana shule, wakubwa, hasikii."

Nikafungua mdomo. Yule mkubwa wao akaniinulia kiganja ninyamaze. Wakachukua baadhi ya mizoga kwenda kupimwa Dar es Salaam, kisha wakaua kila kuku aliyekuwa hai uwani, pamoja na matetea wote wa wenzangu, wakawatia shimoni na kuwachoma. Jioni ile Huseni alifunga matenga yake, akaenda Mitwero kwa mwanamke niliyekuwa sijaambiwa habari zake. Talaka yangu niliipata kwa mdomo wa utingo wa lori.

Wanawake kumi na mmoja walikuja. Walisimama kwenye majivu ya shimo, wakanitazama.

"Tulikuamini," alisema Sada. "Ukafuga maradhi, ukanyamaza."

Wiki ya tatu majibu yakarudi. Faustino akasoma mbele ya watu: si mafua ya ndege, ni kideri. Kisha akasema taratibu kwamba chanjo ingewaokoa. Fidia hakuitaja.

Mwaka uliofuata, wakati wa korosho, Huseni alirudi na baiskeli mpya. Hakukuwa na mnunuzi mwingine. Nilimkuta barazani kwa Sada, matenga wazi, wanawake wamejipanga na kuku kwapani, walewale. Matenga yalikuwa na mavi makavu ya safari nyingine. Alikuwa akiwatania, nao wakicheka.

Nikasimama mbele yao nikasema yote: nani aliwaleta kuku wa Njinjo uwani kwangu, nani alinizuia mlangoni. Kisha nikawaambia, "Na siku ya mwali alituchinjia maiti. Nilinyonyoa mimi. Tulikula kibudu."

Huseni akatazama mnyororo wa baiskeli yake. Nilifikiri sasa watamgeukia yeye.

Mmoja akatema mate chini, karibu na mguu wangu. Mwingine akasema, "Nani amekula? Usinitie mimi." Sada akanishika mkono, akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama yangu tumemzika mwezi wa mfungo sita. Unataka niseme mbele za watu kwamba nilimlisha nini? Na mwanangu, siku ya kutolewa kwake? Bora ubaki wewe mwongo, Adija. Wewe huna mtu wa kuaibika."

"Sitaki useme kitu," nikamwambia. "Nataka usimuuzie huyo tetea."

Akarudi barazani, akamtoa tetea wake miguu mbele, na Huseni akampokea, akampima kwa mkono, akasema ni mwepesi.