Mlango wa Altareni

Modest Hhando wa Endamarariek ni mchora ramani za majengo, na siku hizi kompyuta humsaidia. Huipa kanuni, nayo hujaza jengo la kwenye kioo watu wadogo kama punje za ulezi, kisha huwatazama wakikimbia hatari. Kwa kanisa jipya la kigango chao aliipa kanuni moja tu: kila mtu akimbilie mlango wa karibu. Punje zikatoka chapuchapu, nusu yake kwa mlango wa pembeni mwa altare. Basi mlango mkubwa wa nyuma akaupunguza upana. Lakini kompyuta haina dini, jamani!

Jumapili ya kwanza kanisa lilijaa pomoni. Mama yake, Laurencia, alikaa benchi la mbele kwa sababu ya macho yake mabovu. Modest alibaki nje na wenzake waliokosa nafasi. Katikati ya mahubiri, spika ya nguzo ya kati ikalipuka, vitambaa vya mapambo vikashika moto, moshi ukatanda.

Watu wote wakageukia nyuma. Wote, hata wa mbele, ambao iliwabidi waupite moto! Mlango wa altareni ulikuwa wazi, na hakuna aliyeuendea. Nani akatize mbele ya tabernakulo, inamohifadhiwa Ekaristi, kama anakatiza shamba la mahindi?

Modest aliwaona wamekwama kwenye mlango wake mwembamba. Akazunguka jengo mbio hadi kule altareni. Padri alikuwa akipiga moto kwa kanzu yake. Mama alikuwa amebanwa na umati upande huu wa moto, anakohoa.

"Mama, pita huku!"

"Huko ni kwa Padri, mwanangu."

Alitaka kumfuata, miguu ikagoma. Yeye mwenyewe, aliyeuchora ule mlango, alisimama kizingitini, hathubutu kukanyaga. Mungu wangu, akawaza, mama anakufa nikimwona! Ndipo akapiga goti, akafanya ishara ya msalaba, akapaza sauti: "Pigeni goti, mpite!"

Laurencia akapiga goti ndani ya moshi, akainuka, akapita. Wengine wakamfuata, kila mmoja na goti lake. Walitoka wote, ashukuriwe Mungu.

Kesho yake Modest aliipa kompyuta kanuni mpya: altareni hapapitiki, katikati panawaka moto. Punje zikasogea nyuma, zikabanana, zikatulia. Alingoja. Za mbele hazikutoka.

Mama akamletea chai, akainama kutazama kioo kwa macho yake mabovu.

"Mimi ni ipi hapo?"

Modest akaizima kompyuta.