Begi la Wifi Yangu

Wakwe wa marehemu kaka yangu walishuka kwenye treni hapa Tabora wakiwa wawili, lakini tiketi za kurudi walikuwa nazo tatu. Niliziona mwenyewe, Mzee Mfaume alipozitoa mfukoni akitafuta miwani. Ya tatu ilikuwa ya binti yao Swaumu, wifi yangu. Kaka Adinani alifariki mwaka jana, eda imekwisha, na huko kwao Kisarawe wanasema mwanamke akifiwa na mume ugenini, arudi kwa wazazi. Sikuzipenda zile tiketi. Swaumu nimeishi naye nyumba moja hapa Mtendeni tangu alipoolewa. Asubuhi tunagombana, jioni tunakula sinia moja. Leo aje mtu amfungashe kama gunia la karanga?

Kilichonichoma zaidi ni Swaumu mwenyewe. Hakusema anakwenda, hakusema anabaki. "Kwanza wazazi watembee," alisema, akafunga kibanda chake cha ushonaji, akaanza kuwazungusha mjini. Nikawafuata. Nilitaka kujua kama anauonyesha mji au anauaga.

Sokoni, Bi Zuwena, mama yake, alisimama kwenye kila meza. Aliokota kipande cheupe, kikavu, akakinusa.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Michembe, mama. Ni viazi vitamu, vinakatwa vinaanikwa. Ukipika unatia karanga."

"Na watu wanakula?"

"Mimi nakula."

Mama akakitafuna kikavu vilevile, akakunja uso, kisha akaomba kingine. Muuzaji akamsalimia Swaumu, "Mwangaluka," naye akaitikia kwa Kinyamwezi na soga likanoga. Bi Zuwena akasahau kutafuna. Alinivuta pembeni kuniuliza binti yake anasema nini. Nikamwambia wanamsengenya mke mwenza wa muuzaji, na Swaumu ndiye anayeongoza.

Muuzaji alipojua kuwa Mzee Mfaume ni Mzaramo, alimvua kofia akaivaa yeye. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakikatiza kwao na mizigo mabegani kwenda pwani. Mtani akichukua kitu chako humnyang'anyi, ukinuna, umejiaibisha. Kofia ikabaki sokoni, mzee akatembea kichwa wazi.

Kesho yake tulikwenda Kwihara, kwenye tembe la zamani lenye kuta nene za udongo. Mzee alipapasa milango, akachungulia kila chumba, akauliza wapagazi walilala wapi na walikula nini. Halafu akatoka nje akaitazama barabara ya mashariki.

"Kutoka hapa mpaka kwetu, kwa miguu?"

"Na mizigo juu, baba," nikamjibu. "Ninyi wakati huo mlikuwa mnacheza ngoma yenu ya mdundiko."

"Wengine walipofika walishiba nazi wakasahau njia ya kurudi. Kijijini kwetu wajukuu zao wapo mpaka leo." Alicheka, kisha akaigeukia tena barabara. "Hivi mama zao waliobaki huku, walikuwa wanaambiwa nini?"

Bi Zuwena aligeuka. Swaumu ndiye aliyejibu.

"Sijui, baba. Labda waliambiwa wanakula vizuri."

Siku ya safari, Swaumu alitoka chumbani anaburuta begi jeusi, zipu inakaribia kupasuka. Nikajua anakwenda. Njia nzima hadi stesheni sikusema naye, na kunyamaza si kazi yangu. Treni ilipoanza kusikika uvumilivu ukaniisha. Nikamnyang'anya lile begi, nikalikalia pale pale mbele ya abiria.

"Mtani," nikamwambia Mzee Mfaume, "hili nimechukua. Linabaki Tabora, na mwenye nalo."

Watu wakaangua kicheko. Mzee akainua mikono. "Mtani akichukua, amechukua." Lakini Bi Zuwena alianza kulia, na mimi nikaona aibu kidogo. Nikajisogeza nikae vizuri. Kitu kigumu kikanichoma makalioni. Nikajisogeza upande wa pili, kikanichoma kingine. Nguo hazina vifuniko.

Nikafungua zipu. Madumu mawili ya asali. Mfuko wa michembe, karanga, uyoga mkavu. Juu yake kofia mpya, ameishona mwenyewe kwa mkono. Khanga yake hata moja haikuwemo.

Sote tukamtazama Swaumu.

"Nilikuwa natafuta maneno, baba," alisema. "Tangu mlipofika natafuta. Nikaona niwaonyeshe tu."

Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Mzee Mfaume aliitoa ile tiketi ya tatu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Akaichukua kofia akaivaa, akaipapasa pembeni kama alivyopapasa milango ya Kwihara. Ilimkaa sawasawa.

Treni ikasimama. Bi Zuwena alifuta macho kwa ncha ya khanga, akainama begini, akachukua kipande cha michembe akatia mdomoni. Alikitafuna taratibu, amemshika binti yake mkono.

"Haya," alisema. "Wakiniuliza kijijini, nitawaambia unakula vizuri."