Kutoka Ruiri Kwenda Kibugu Kutafuta Baridi ya Divai

Niliondoka Ruiri kwa sababu divai yangu ilikuwa inageuka siki. Matangi mawili ya divai ya karakara yalikuwa yameharibika kwa joto, likabaki moja, na hilo ndilo tulilotegemea mwaka mzima, mimi na mke wangu Nkatha. Kiwanda chetu ni banda la mabati nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimejaza paneli za sola kwenye paa lake ziendeshe mashine ya kupoza matangi, nikaachana na jenereta na moshi wake, nikatembea kijijini kifua mbele. Sasa mashine ilikuwa imeshindwa na joto, na nilikuwa naona haya hata kwenda kanisani, maana wale waliosema pombe ina laana walikuwa wakinitazama na kutabasamu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori la jirani lililokuwa likipeleka vitunguu Embu. Nkatha alibaki akimwagia tangi maji kwa ndoo. Hakuniaga.

Kufikia Chuka nilikuwa nimewatukana kimoyomoyo mafundi wote wa sola ninaowajua. Tulipovuka daraja la Thuci, dereva aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Kibugu nilifika adhuhuri, kwa pikipiki kutoka Embu mjini, katikati ya majani chai. Baridi ya huko iliniudhi. Kuna watu wamepewa kila kitu, na bado huamka wakilalamika. Mwenyeji wangu, Bwana Ireri, hutengeneza divai ya matunda damu. Alinipa chai na nduma, kisha tukaenda kiwandani vikombe vikiwa mkononi. Kuta zilikuwa za udongo, nene, na matangi yamefunikwa magunia yenye maji. Juu ya paa nilihesabu paneli nne.

"Nne tu?" nikauliza.

"Zinatosha. Kwanza unazuia joto isiingie, halafu ile kidogo imebaki ndio unapoza na sola. Kwani banda yako iko kwa jua?"

"Siku hizi iko kwa jua. Kulikuwa na miti saba mikubwa ya mikima, marehemu baba ndiye alipanda. Nilikata ndio paneli zipate jua."

Ireri aliweka kikombe chini. "Yaani ulikata kivuli, halafu ukanunua mashine ya kufanya kazi ya kivuli?"

Nilimchukia dakika nzima. Kisha nikajichukia mwenyewe, na hilo halijaisha.

Kesho yake alasiri nilirudi Ruiri. Harufu ya siki ilinipokea langoni, nikajua tangi la tatu limekwenda. Hata hivyo nilimweleza Nkatha yote niliyojifunza: ukuta wa udongo, magunia, miti ya kupanda upya ambayo pengine tutazeeka kabla haijafika paani.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Kendi," akasema, "siku ile ulileta watu wa msumeno, mimi nilikwambia nini?"

Siku ile alisimama mbele ya mkima wa kwanza, akasema banda litageuka jiko. Nami nilimwambia, mbele ya wale vijana, kwamba mambo ya sola hayajui.

"Sasa umeenda mpaka Embu," akasema, "ndio uambiwe na mwanaume."