Kashata Nne kwa Neno Gari

Gharama yote ilikuwa kashata nne. Nimezihesabu mara mbili, hazizidi wala hazipungui. Hadi leo nikipita mahali sukari inaungulia kwenye nazi, huziona mkononi mwangu.

Ilikuwa miaka ya vita, sukari ya kupimiwa, na kashata za bibi yangu hazikuwa za kutoa ovyo. Mimi nilizitoa, ili nicheke. Uani kwetu, nyuma ya Ndia Kuu, alipanga mchukuzi wa bandarini aliyetoka bara, na mkewe, na binti yao Nafula, rika langu. Nafula alitaka kucheza mdako nasi. Nikamwekea ushuru.

"Sema gari, upate kashata na zamu."

"Kari."

"Siyo hiyo. Gari."

"Kari."

Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kashata nilimpa, maana mimi si mdanganyifu; zamu sikumpa. Siku nne, kashata nne. Lililotuudhi ni kwamba ngoma aliisema vizuri, na ndizi, na mbuzi. Tukahukumu kuwa anaweza, ni ukaidi tu. Na mwenye duka letu, Mwarabu wa Shihiri, alitupimia "bilibili" kila siku ya Mungu, wala hatukumcheka. Mizani ilikuwa yake.

Siku ya tano, baada ya adhuhuri, Nafula alikuja mbio mlangoni. Bibi yangu, mkunga wa mtaa, alikuwa amelala ghorofani.

"Mama anaumwa. Mtoto anakuja. Mwamshe nyanya yako."

Nikaziba mlango, mikono kiunoni. "Sema gari kwanza."

Alinitazama. Midomo ikafunguka kidogo, kisha akaifumba, akageuka, akaenda zake. Nikahesabu kwamba nimeshinda.

Bibi aliamshwa na kilio, alasiri. Kitovu kilikuwa kimemzonga mtoto shingoni. "Laiti ningeitwa mapema," alisema akinawa mikono, asimtazame mtu, maana hakujua wa kumtazama. Kabla ya magharibi baba yake Nafula akatoka na kifurushi cha kanga, kidogo kuliko mkate. Mwezi haukuisha, wakahama. Tononoka, watu walisema. Nilikwenda mara mbili, sikuwaona.

Nilishakuwa mtu mzima nilipokuwa nikipatana bei ya "maharakwe" na mama mmoja wa kwao Nafula. Nikamuuliza, kwa adabu, mbona maharagwe humshinda, na ngoma aitamka sawasawa. Hakukasirika.

"Kwetu sauti hiyo haitembei peke yake, mwanangu. Mpaka itanguliwe na nyingine, kama hiyo n ya ngoma, iishike mkono."

Nikamlipa bei aliyotaja, bila kubishana. Ndiyo mara yangu ya pekee.

Bibi alikufa bila kujua. Nafula, akiwa hai, ni kizee kama mimi. Basi nyinyi mnaojua kupima mambo, nishaurini: nikimpata, nikabisha hodi kwake, naye akasimama mlangoni, nianze na neno gani?