Mpaka Hesabu Iishe

Wakati wa Hali ya Hatari tuliishi, mimi na mama tu, katika kijiji tulichohamishiwa kwa nguvu na serikali ya mkoloni karibu na Ruiru. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Thika, lakini likizo ikifika, hedimani, msimamizi wa kijiji, hakujali ualimu wangu. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja wa kuchimba matuta mlimani, asubuhi mpaka adhuhuri. Mtu huyo alipaswa kuwa mimi. Mgongo wa mama ulikuwa umeshachakazwa na kahawa ya walowezi.

Nami nilikuwa nasomea mtihani wa hisabati kwa njia ya posta, na swali moja lilikuwa limeninasa. Jiwe linaanguka, hewa inalizuia, na kizuizi hicho hukua kwa kasi ya jiwe ikizidishwa kwa yenyewe. Huko kujizidisha ndiko kunakoharibu mambo. Njia za kawaida zinagonga mwamba. Basi unalichukulia jibu kuwa mfululizo, yaani jumla ya vipande vingi. Kipande cha kwanza kinakupa cha pili, hivyo viwili vinakupa cha tatu, na kila kipya kinadai uzidishe upya vyote vilivyotangulia.

"Hiyo hesabu inaisha lini?" mama aliuliza.

"Imebaki kidogo tu, maitu."

"Basi wewe kaa umalize. Matuta nitaenda mimi."

Alidhani hesabu ni kama tuta: unafika mwisho, unafuta jembe, unarudi nyumbani. Sikumsahihisha. Mfululizo ule hauna mwisho. Unaacha ukitosheka, na swali lilitaka vipande vitatu tu. Nilivipata siku ile ile. Niliendelea kwa sababu ilikuwa raha, Mungu anisamehe, raha tupu ya kukaa kwenye kigoda nikitazama namba zinavyojipanga huku wenzangu wakimenyana na udongo. Wala vipande vya ziada havikunifikisha popote. Jiwe likiwa ndio kwanza limeachiwa, jumla inakubali. Ukienda mbali kidogo inaruka ovyo, hata uongeze vipande mpaka uzeeke.

Kila adhuhuri mama alirudi na matope hadi magotini, akachungulia karatasi zangu.

"Bado?"

"Bado."

Kesho yake anabeba jembe tena.

Kabla likizo haijaisha, ukingo wa tuta uliporomoka naye. Wanawake wenzake walimleta wamembeba kwenye blanketi. Nyonga yake haikupona sawasawa. Mtihani nilifaulu.

Baadaye nilimhamishia kwangu Kamenu, mjini Thika. Wageni wakiuliza kuhusu mguu, alijibu kwa fahari, "Huu ni wa masomo ya msichana wangu." Mimi nilikuwa naingia jikoni kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Siku moja mama, mzee sasa, ameketi mlangoni, aliniita.

"Ile hesabu ya jiwe, iliisha?"

"Iliisha, maitu."

"Ngai, afadhali," akasema. Akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akausogeza juani.