Ua Lililochanua Matangani

Ua la mama yangu lilichanua siku ya tatu baada ya kumzika.

Lilikuwa na miaka sita halijatoa hata ua moja. Mwaka huu, Julai, watu wamejaa uani, wanawake wanapepeta mchele wa matanga, likafunguka. Maua manane, mekundu ya kuelekea waridi, juu ya meza ya mama dirishani.

Mama mdogo Maria, aliyekuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe, alilitazama akaweka mkono mdomoni.

"Dada anasema," alisema. "Anamtaja aliyemtoa roho."

Kina mama wote wakageuka kumtazama Tulinagwe.

Na mimi nikamtazama. Sitaficha.

Tulinagwe ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu Gwamaka. Nyumba yao na ya mama, pale Busale, zinatenganishwa na mfereji unaoshuka kwenye mashamba ya mpunga. Mfereji una kina cha mtu mzima na chini ni mawe. Unavukwa kwa gogo. Mama alilivuka gogo hilo miaka arobaini, na ndoo kichwani, na mtoto mgongoni.

Humo ndimo alimoanguka na kufa, saa tisa mchana, jua linawaka. Wa kwanza kupiga yowe alikuwa Tulinagwe.

Sasa niambie, mtu anaangukaje mchana kweupe mahali alipopavuka miaka arobaini?

Zaidi ya hapo, walikuwa wamenuniana tangu Pasaka. Mama alimkataza Tulinagwe asikanyage ndani kwake. Chakula alikuwa anakiacha mlangoni anaondoka. Gwamaka ni dereva wa lori la ndizi, nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo, hakujua lolote.

Baba mkubwa Yohana akatangaza kwamba Jumamosi, tukishaanua matanga, ukoo utakaa. Kama Tulinagwe ana neno la kujibu atajibu, kama hana atarudi kwao. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo neno langu ndilo lingesikilizwa mwisho.

Neno langu lilikuwa tayari. Aondoke.

Turudi kwenye ua, maana bila hilo hakuna kisa.

Sisi tuliliita ua la Krismasi, kama alivyoliita mwalimu wa kwaya aliyempa mama kipande chake kutoka Tukuyu, mimi nikiwa darasa la pili. Halina majani ya kawaida. Ni vipande bapa vya kijani vilivyoshikana kimoja baada ya kingine, vinaning'inia kama mikufu. Kwetu halikuwahi kuchanua Krismasi. Lilichanua baridi ya Juni na Julai, mpunga ukiwa umeshavunwa.

Mama alikuwa mfinyanzi, mzaliwa wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi ufukweni mwa ziwa. Chungu cha ua hilo alikifinyanga mwenyewe, akakitoboa kitakoni kabla ya kukichoma. Wenzake walimcheka sana.

"Neli, umeolewa bara mpaka umesahau kazi? Nani anafinyanga chungu cha kuvuja?"

"Hili likinywa sana linaoza," aliwajibu. "Si kama waume zenu."

Hakumwagilia mpaka aingize kidole kwenye udongo hadi kwenye pingili ya pili. Kidole kikitoka na unyevu, analiacha. Nilipomuuliza kwa nini asitazame tu kwa macho, alisema, "Udongo hauangaliwi, mwanangu. Unashikwa."

Miaka sita iliyopita umeme ulifika kijijini. Nilitoka Mbeya, ninakoshona nguo, nikamvutia waya na kumfungia balbu juu ya ile meza. Mama alifurahi kama mtoto. Usiku taa ile haikuzimwa. Aliiwasha jua likizama, akalala nayo hadi asubuhi.

Tangu hapo ua likagoma. Alisema limezeeka kama yeye.

Basi matanga yakiendelea, mimi nikawa nalimwagilia kila asubuhi. Nililimwagia maji mengi, kwa uchungu tu. Nikalihamishia mlangoni ili watu walione. Siku mbili, maua yakaanza kudondoka, na shina likawa laini chini.

Nikaona mama anakufa mara ya pili.

Ijumaa, siku moja kabla ya kikao, nililipakata kwenye bodaboda hadi Bondeni, mjini Kyela, kwa Sylvester, mzee mmoja anayeuza miche ya kakao na maua. Alilipokea kwa mikono miwili, akachungulia kitako cha chungu, akatabasamu kidogo.

"Aliyetoboa hapa alijua kazi. Anayemwagilia sasa hajui."

Akaniambia niache udongo ukauke juu, nisilihamishe tena likiwa na maua, nilirudishe palepale lilipozoea. Nikamweleza ajabu yake, kwamba lilikataa kuchanua miaka sita, likaja kuchanua msibani.

Hakushangaa.

"Hili ni ua la giza, dada. Usiku urefuke, kuwe na ubaridi, na lisione mwanga hata wa balbu tangu jioni mpaka asubuhi. Wiki sita, nane hivi, bila kukosa. Ndiyo linafunga vichomozo vya maua. Ukiwasha taa kila usiku, utalisubiri mpaka uzeeke."

Kisha akauliza, kama anauliza bei ya sukari:

"Nani alizima taa?"

Njia nzima ya kurudi sikusikia alichokuwa anaongea dereva.

Nilipofika nilibonyeza swichi. Balbu ikawaka. Nikaangalia mita, umeme umejaa tele.

Nikavuka gogo hadi kwa Tulinagwe. Alikuwa jikoni anachambua mboga, macho yamevimba. Nilimuuliza mama aliacha lini kuwasha taa.

"Baada ya Pasaka, wifi. Nilimuuliza nikiwa mlangoni. Akasema taa inamletea kungu, wanajaa mpaka kwenye shuka."

Kungu, wale wadudu wadogo, wanatoka ziwani kama moshi, ni kweli. Lakini miaka sita hawakumsumbua?

Nikarudi chumbani kwa mama, nikazima taa, nikafumba macho. Nikanyoosha mikono.

Kwenye fremu ya mlango vidole vyangu vikagusa kidonge cha udongo, kimebandikwa usawa wa kiuno. Kwenye kopo la chumvi kulikuwa na kidonge kimoja. Kwenye kopo la sukari viwili. Kwenye chupa ya dawa ya kupaka vitatu.

Nikakaa chini.

Mama alikuwa kipofu.

Taa ya nini kwa mtu asiyeona? Hakuizima. Aliacha tu kuiwasha, na ua likapata giza lake.

Mwezi wa sita alinipigia simu, akaniambia lina vichomozo vinane. "Umeviona?" nikamuuliza. Akacheka. "Nimevihesabu."

Na ile Pasaka nilipokuja, alinishika uso kwa mikono miwili, muda mrefu, akasema nimekonda. Nikadhani ni mapenzi.

Bado sijasema lililo baya zaidi.

Pasaka hiyohiyo niliviona vidonge vile vya udongo. Nikaona ni uchafu wa uzee. Nikachukua kisu, nikavikwangua vyote, nyumba nzima.

Mama alikuwa amekaa kitandani. "Unafanya nini, Jeni?"

"Nakusafishia, mama."

"Haya. Ndaga fijo."

Alinishukuru. Nilipoondoka, alivibandika upya kimoja kimoja, na akamkataza Tulinagwe kuingia ndani, ili asije mwingine kumsafishia.

Nikatoka kwenda mferejini. Zamani gogo lilikaa karibu na mkakao. Kwenye shina la mkakao ule, usawa wa mkono, kulikuwa na kidonge cha udongo. Ukikigusa, geuka kushoto, vuka.

Lakini gogo halikuwa hapo tena. Wiki ile aliyokufa mama, ukingo ulimeguka, na Tulinagwe akalisogeza hatua nne kuelekea juu, mama asije akateleza. Alishalisema hilo matangani, wazi kabisa. Hakuna aliyeona neno. Gogo linaonekana, nani ataanguka?

Jumamosi ukoo ulikaa. Mama mdogo Maria alisema ya kwake. Gwamaka aliinamisha kichwa. Baba mkubwa Yohana akanigeukia.

Nilisimama na kopo la chumvi mkononi. Nikampa, nikamwambia ashike pembeni, asitazame.

Kisha nikaeleza yote, na kisu pia.

Mama mdogo Maria alilichukua lile kopo, akakibonyeza kidonge kwa kidole gumba, akaanza kulia. Alikitambua. Ulikuwa udongo wa Ikombe, aliouleta yeye mwenyewe Februari, dada yake alipoagiza bila kusema wa nini.

Tulinagwe ndiye aliyesema, polepole.

"Kwa hiyo ni gogo langu, wifi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote isipokuwa hayo. Nilimtoa kwenye lawama nikamwingiza kwenye kitu kizito zaidi.

Nikaenda nikakaa chini karibu yake.

"Wewe ulisogeza gogo asianguke," nilimwambia. "Mimi nilimfutia njia nikiwa ndani ya nyumba yake, naye ananisikia. Tutabeba wote."

Aliegemea bega langu, na hakuna aliyezungumzia tena habari ya kurudi kwao.

Shina lile liliendelea kuoza. Ila juu kulikuwa na vipande vizima. Tulivinyonga taratibu, tukaviacha kivulini siku tatu jeraha likauke, tukavipanda kwenye udongo wa mchanga, kwenye vyungu viwili ambavyo mama mdogo Maria alivitoboa mwenyewe. Kimoja kipo kwa Tulinagwe, kingine ninacho hapa Mbeya. Jioni nazima taa ya chumba kile, nakaa nacho kidogo gizani kabla ya kwenda kupika.

Ninaandika haya nisije nikasahau, na kwa ajili yako mwenye mzazi kijijini.

Ukimpigia simu atakwambia hajambo. Wote husema hivyo. Usiishie hapo. Nenda, ukae naye mpaka jua lizame, na usiwashe taa wewe.

Subiri uone kama ataiwasha.