Siku Niliyouguzwa Malaria ya Matope

Nawaambia nyinyi tu, na bado naona haya. Asubuhi moja miaka ya tisini niliamka kule Lindi, Kibera, nikafunga blanketi langu kwa kamba nikaondoka bila mpango wowote (shule niliacha darasa la sita, lakini kuchungulia mambo ya watu sijaacha hadi leo), miguu ikanifikisha mtaa wa Kongo, Kawangware, na hapo nikasikia watoto ndani ya chumba cha mabati nikachungulia.

Mwalimu wao, Mama Mwende, akanishika kwa macho. "Wewe, huna kazi? Niangalilie hawa nichote maji. Wazazi wanakuja sai. Wanasema hapa ni kucheza tu, na wakikuta mchezo leo wanawatoa wote. Wakae hivyo hivyo."

Walikaa dakika mbili, mmoja akaanza kulia, nami nikaona nimtulize na kalongolongo kidogo, ule mchezo wa kuigiza baba na mama (nilidhani nitakuwa baba). Nekesa, wa miaka mitano, akanipima kwa macho. "Wewe ni mtoto. Uko na malaria."

Wakanilaza chini, wakanifunga leso miguu na mikono kama mzigo, wakakoroga matope, wakaninywesha kwa kizibo cha soda, na hapo ndipo wazazi wakaingia.

Nikajaribu kusimama nikabingirika hadi kwenye viatu vya baba mmoja.

"Na hii ni nini?"

"Baba, usipige kelele, ni mgonjwa," Nekesa akasema. "Daktari amesema vijiko vitano. Amekunywa vitatu, vimebaki viwili."

Baba akachuchumaa. "Na akitapika kimoja?"

Nekesa akafikiria. "Tunampea tena. Vinabaki vitatu."

Nilifungua mdomo nijieleze, nikapewa cha nne.

Mama Mwende akatokea mlangoni na mtungi kichwani, uso umemshuka. Baba yule alikuwa akicheka hadi anajifuta machozi. "Mwalimu, nyumbani huyu hata kuhesabu vikombe anakataa. Mimi wangu anabaki." Wengine wakaangaliana, wakakubali. "Na hii mtoto yako kubwa inalala wapi?"

"Hana kwake," akajibu Mama Mwende, akiangalia blanketi langu lililofungwa kamba.

Kumbe baba Nekesa ndiye aliyesimamia ploti ya jirani, vyumba vya kupanga, na akanipa kimoja. Jioni hiyo nilitandika blanketi langu chumba cha mwisho, wapangaji wakipishana mlangoni kuniuliza kama homa imeshuka.

Nacheza na watoto hadi leo, lakini sharti niwe baba. Baba huenda kazini asubuhi, na hakuna anayemlisha matope.